Waya Zisizoonekana na Nyirinyiri ya Eedo Faay

Mpendwa Bi Arbia,

Assalamu alaikum. Naomba msaada wako, lakini kabla ya msaada pokea shukrani zangu, kwa sababu haya yote yalianza kwako bila wewe kujua. Mwaka juzi ulimjibu bwana mmoja aliyelalamika kwamba amechelewa kunyoosha meno maana ana ndevu na watoto, ukamwambia meno hayamuulizi mtu umri, na siku hizi Nairobi kuna waya ambazo vile vipande vinavyobandikwa ni vya rangi ya jino lenyewe, mtu akikutazama haoni kitu. Jibu hilo nililisoma kwenye gazeti nililofungiwa ndizi sokoni, Mungu akubariki wewe na mwenye ndizi pia, nikasimama pale pale juani nikalisoma tena, nikaona labda Mungu amenikumbuka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Garissa, naishi Galbet, na tangu utotoni meno yangu ya mbele yalikuwa yamepandana kama akina mama wanaogombania foleni ya maji, moja limelalia jingine, jingine limetoka nje kabisa likagoma kurudi, hata midomo ilikuwa haifungi vizuri, basi nikazoea kuongea nimeshika ncha ya shela mbele ya mdomo, nikifundisha hivyo, nikinunua sukari hivyo, na darasani nikigeuka ubaoni nawasikia watoto wanavyocheka kwa sababu kuna mmoja amejifunika daftari mdomoni ananiigiza. Sikuwa nalia tena, nilikuwa nimeshazoea, lakini kuzoea si kupenda.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo na aliyenilea ni Eedo Faay, yaani shangazi yangu, dada ya baba, mfugaji wa ngamia huko ng'ambo ya Bura, mwanamke ambaye hajui kusoma lakini ndiye aliyenipeleka shule wakati wanaume wa nyumbani walisema msichana wa nini shuleni. Nilipomweleza habari ya Nairobi hakuniuliza ni kiasi gani wala kwa nini, aliniuliza neno moja tu, "Inauma?" Nikamwambia kidogo. Akasema, "Basi mchukue yule mweupe." Bi Arbia, yule mweupe alikuwa ngamia wake mwenyewe, si wa mume wala wa ukoo, ngamia mwenye maziwa, ambaye Eedo akimwita kwa jina anageuza shingo. Alimuuza sokoni asubuhi, mchana akanywa chai kama kawaida, na mpaka leo hajawahi kunitajia ngamia huyo. Nikimfikiria machozi yananitoka hata nikiwa nasahihisha vitabu vya watoto.

Basi nikapanda basi, lile la kusindikizwa na askari, nikafika kwa daktari wa meno, dada mmoja mpole sana, akanipima, akaning'oa meno mawili ili mengine yapate nafasi, akanibandika vile vipande vya rangi ya jino, akapitisha waya nyembamba na kuifunga kwa vipira vidogo visivyo na rangi. Akaniambia nitakaa nazo zaidi ya mwaka, nirudi kila akiniita, nisile kitu kigumu wala kinachonata, nipige mswaki kila nikila. Nilimwomba zisionekane kabisa, kwa sababu mwalimu mwanamke mwenye vyuma mdomoni hapa kwetu atazungumzwa hadi mvua nyingine inyeshe, na kweli hazikuonekana, si watoto si walimu wenzangu, hakuna aliyejua, nikamshukuru Mungu. Kumbe hapo ndipo shida ilipoanzia.

Baada ya miezi kadhaa meno yalikuwa yameanza kujipanga, mashallah, Eedo akaja kunitazama. Macho yake siku hizi yana ukungu, akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa mlango, akatazama weee, kisha akasema, "Alhamdulillahi, wamemaliza kazi, na ni nzuri." Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona usoni kwake, nikashindwa kumwambia kwamba kazi haijafika hata nusu na kwamba mdomoni mna waya. Hapo hapo akafungua kopo alilolibeba mapajani toka Bura, nyirinyiri, ile nyama yetu ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo vidogo, ikaanikwa, ikakaangwa ndani ya samli mpaka ukitikisa kopo inalia kama kokoto, akaniambia, "Miaka yote ulikuwa unatafuna kwa shida. Sasa una meno. Kula nikuone."

Ningefanya nini, Bi Arbia? Nikala. Wallahi nilisikia tak! ndani ya kichwa changu, nikajua kipande kimebanduka, nikajifanya nakohoa nikakificha kwenye kiganja. Juu ya hapo akanimiminia maziwa ya ngamia kutoka kwenye haan, kile chombo chetu cha kusuka ambacho hufukizwa moshi wa vijiti ili maziwa yasiharibike, matamu sana lakini yana vumbi la mkaa, na vile vipira visivyo na rangi vikanywa moshi wote. Jumatatu darasani mtoto mmoja akaniuliza, "Teacher, mbona meno yako yana siafu?"

Jirani yangu Kaaha anauza ubani sokoni, na kwetu wanawake wengi hutafuna ubani, nikajiambia kwenda Nairobi kwa ajili ya kipande kimoja ni usumbufu, kwa hiyo nikautafuna ubani mpaka ukalainika, nikakibandika kile kipande nao. Ulishika, tena vizuri tu, kisha ukawa mgumu kama jiwe, nilipojaribu kuubandua na sindano ukang'oka na kipande cha pili. Nikaenda Nairobi kwa aibu. Daktari akatazama, akanusa, akaniuliza, "Ilwad, hapa kuna nini, msikiti?" Akacheka, lakini aliporudisha vipande hakuwa akicheka tena, akasema nikiendelea kuvivunja hivi, ni heri atoe kila kitu kuliko kuniharibia meno, na akitoa sasa yatarudi yalikotoka.

Safari iliyofuata Eedo alipokuja na kopo nilimwambia nimefunga, funga ya sunna, basi akafurahi, akakaa na kopo lake mapajani kuningoja hadi magharibi. Magharibi ilipofika nikamwambia tumbo linaniuma. Akanichemshia dawa ya mizizi, nikainywa yote, na ilikuwa chungu kuliko uongo wenyewe. Mara ya tatu nikaona nitafute njia nyingine, nikawa nachukua nyama, naitia mdomoni, nikijifanya napangusa midomo naitema kwenye leso. Akaniona. Macho yenye ukungu hayakuona waya lakini hilo aliliona. Alifunika kopo lake taratibu, akalifunga na kitambaa chake, na asubuhi akaondoka mapema kabla ya chai. Kaaha ndiye aliyeniambia kwamba alipita kwake, akasema, "Mtoto wangu amekuwa mtu wa mjini. Chakula chetu kinamtia kinyaa."

Sasa ametuma salamu kupitia watu wa mifugo kwamba atakuja Idd kunisalimia, na kwamba safari hii hataleta kitu. Maneno hayo, hataleta kitu, yamenikaa kifuani kama mfupa. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuja kwangu mikono mitupu tangu nizaliwe. Nikimwambia ukweli atajua nilimdanganya kuhusu funga, tena mbele ya Mungu, na ataona ngamia wake amekwenda na kazi haijakwisha, na nikinyamaza atakufa akiamini nilimdharau. Nimefikiria niende Nairobi kabla ya Idd, daktari anitoe waya zote, meno yarudi yalivyokuwa kama yanataka, nikae mbele ya Eedo nile nyama yake mpaka kopo liishe. Bila meno mazuri nilikaa miaka mingi, lakini bila Eedo siwezi. Nishauri, mama, na Mungu akulipe kwa hili na lile la kwanza.

Mimi Ilwad,
Galbet, Garissa.

BI ARBIA ANAJIBU:

Waalaikum salaam, Ilwad. Shukrani zako nimezipokea, na za mwenye ndizi nitamfikishia nikimjua. Nimesoma barua yako nikacheka, nikafika kwa yule mweupe nikatafuta leso, kisha nikafika kwenye ubani nikataka kuja Galbet mwenyewe na kiboko. Ubani! Mwalimu mzima! Ubani ni wa kufukizia nyumba, na ukipenda ni wa kutafuna, lakini tangu lini ukawa gundi ya meno? Tena unauchokonoa na sindano! Shukuru Mungu kwamba kilichong'oka ni kipande na si jino.

Haya, tuanze na hilo la kwenda kutoa waya. Hapana. Sitaki kulisikia tena. Eedo wako alimtoa ngamia wake ili mdomo wako ufunge, utafune, ucheke mbele za watu, na wewe kwa heshima yake unataka ukautupe huo mdomo jalalani halafu ukae mbele yake utafune nyama kwa mbwembwe. Hiyo unaiita heshima? Akija kujua baadaye, na atajua, maana meno yakianza kurudi nyuma hata mwenye ukungu machoni ataona, utamwambia nini? Kwamba ulimchinja ngamia wake mara ya pili?

Sasa nisikilize vizuri. Uliomba waya zisizoonekana. Ukapewa waya zisizoonekana. Hazionekani. Sasa unashangaa nini kwamba mama wa watu hakuziona? Yeye alichoona ni hiki: mtoto aliyemlea ana meno mapya mazuri, na kwa meno hayo hayo anakitema chakula chake kwenye leso. Hebu kaa wewe mahali pake. Ungefikiri nini? Umempa mambo ya kutazama bila kumpa maelezo, basi maelezo akayatafuta mwenyewe, na akapata yale machungu kuliko yote. Si yeye aliyekosea.

Na hilo la funga, binti yangu, limenikera kweli. Umemkalisha mama mzee na kopo mapajani mpaka magharibi, anakungojea wewe ufuturu, na wewe hujafunga! Tubu kwa Mola wako, na siku moja ya Jumatatu funga kweli. Kisha yaishe, usijitese nalo mwaka mzima.

Unaogopa kwamba hataelewa. Kwa nini? Kwa sababu hajui kusoma? Mimi nimekaa Buna miaka mingi, marehemu mume wangu alikuwa akitibu mifugo, na nilichojifunza huko ni kwamba mfugaji haelezwi mara mbili kuhusu mwili wa kiumbe. Eedo wako amefunga chuchu za ngamia kwa kamba ili ndama asimalize maziwa, akajua siku ya kufunga na siku ya kufungua. Amemfunga mbuzi aliyevunjika mguu kwa vijiti, akamzuia asiruke mpaka mfupa ushike. Mtu kama huyo ukimwambia, "Eedo, meno yangu bado yamefungwa, hayajashika," ataelewa kabla hujamaliza sentensi. Atakachokuuliza ni kwa nini ulimwachia mbuzi aruke.

Kwa hiyo utamwambia, tena kwa vitendo. Nawa mikono, mnawishe na yeye, shika kidole chake ukipitishe taratibu juu ya meno yako. Macho yana ukungu, vidole havina. Atasikia kila kipande na ile waya, na hapo utakuwa umemaliza nusu ya maneno. Nusu iliyobaki ni kumwomba radhi. Usijitetee sana. Sema ulimwona amefurahi ukaogopa kumpunguzia furaha, kwa sababu huo ndio ukweli, na unasameheka.

Tuje kwenye chakula, maana naona hukuuliza mtu yeyote, uliona njia ni kula mawe au kutema tu. Ilwad, wazee wasio na magego huko kwenu wanakula nyirinyiri namna gani? Hujawahi kuona? Buna nimewaona kwa macho yangu: nyama inatwangwa kwenye kinu mpaka inakuwa laini, inalowekwa kwenye maziwa ya uvuguvugu, au inachanganywa na samli yake ikaliwa kwa anjera, ule mkate mwembamba laini. Utamu ni ule ule, wengine watakwambia umezidi. Kula hivyo, kula pole pole, tafuna kwa meno ya nyuma, na hakuna kitakacholia tak kichwani mwako. Mifupa usigugune, bisi achana nazo, halua inayonata ya harusini ipungie mkono kwa mbali, na huo ubani usiutafune kabisa mpaka waya zitoke.

Maziwa ya haan kunywa. Nani alikukataza? Yachuje kwa kitambaa safi cha pamba ili mkaa ubaki juu, yanywe kwa mkupuo mmoja usiyazungushe mdomoni, kisha sukutua kwa maji. Chai ya rangi nayo ni hivyo hivyo. Vipira vikibadilika rangi usihangaike, vinafubaa lakini jino halijaharibika, daktari huvibadilisha kila ukienda. Ukitaka kupunguza siafu, mweleze mapema uwe na safari karibu na Idd.

Mswaki wa mti hukunitajia, lakini nawajua watu wa Garissa, najua uko mfukoni sasa hivi. Siusemi vibaya, una thawabu zake na faida zake. Ila nyuzi zake zikinasa kwenye waya zinavuta, na ukisugua kwa nguvu unachokonoa vipande. Utumie upande wa ndani ya meno tu, taratibu, ukiwa umelowa. Upande wa nje ni kazi ya mswaki wa dukani wenye nywele laini, juu ya waya na chini ya waya, kila baada ya kula, hata shuleni. Usijali kuonekana bombani. Waya ikikuchoma shavu, mwombe daktari nta, ile wanayotengeneza kwa ajili ya waya za meno, na kipande kikibanduka kiweke kwenye karatasi safi umpelekee. Usitafute tena fundi sokoni. Kaaha ni jirani mwema, nina hakika, na hata kukufikishia maneno ya Eedo alikusaidia, lakini biashara yake ni ubani.

Sasa neno la mwisho, na hili si ombi. Unasema Eedo anakuja Idd na hataleta kitu. Ukimngoja aje mikono mitupu mpaka mlangoni kwako, mtakuwa mmeumizana wote wawili, naye atakuwa amesafiri na hilo donge njia nzima. Mama aliyekuletea chakula maisha yako yote akikataa kuleta, kwa adabu zetu, mtoto huenda kukifuata. Shule zikifungwa, kabla ya Idd, panda gari la Bura. Usipeleke zawadi kubwa, peleka sukari na majani ya chai kama mtoto anayerudi nyumbani. Mkute kwake, mahali ambapo kopo liko na kinu kiko. Mwonyeshe meno kwa kidole chake kama nilivyokueleza, na mpe kazi ya kuyalinda meno hayo mpaka siku ya kufunguliwa, maana mwanamke aliyelinda ndama dhidi ya fisi hatashindwa kulinda mdomo wako dhidi ya nyirinyiri ya Garissa nzima.

Na maneno ya kuanzia usiyatafute mbali, usiende na hotuba ya kiwalimu. Ingia, msalimu, vua viatu, kaa chini karibu naye, umwambie: "Eedo, nimekuja na njaa. Nitwangie."